Mlima Wanapoingojea Kiyama

Jina la Ludd nililijua kabla sijajua kusoma. Bibi yangu mzaa mama, Mwislamu wa Tanga, alikuwa akitusimulia usiku habari za siku za mwisho: Masihi Dajali atatokea, jicho lake moja bovu, atawapoteza watu wengi, kisha Nabii Isa atashuka kutoka mbinguni, atamfuata na kumwua kwenye mlango wa Ludd. Sisi wajukuu tuliokuwa Wakristo kwa upande wa baba tulisikiliza pamoja na wenzetu waliotoka madrasa, na hakuna aliyetuambia kwamba habari ile haituhusu. Baadaye nilikuja kujua kwamba simulizi hiyo imo katika hadithi alizokusanya Imamu Muslim, na kwamba Ludd upo kweli. Kwenye ramani za leo huandikwa Lod, na uwanja mkuu wa ndege wa Israel, Ben Gurion, uko jirani yake. Kwa hiyo mwaka 2019, ndege yetu kutoka Addis Ababa ilipogusa ardhi na mahujaji wenzangu wakaanza kuimba kwa furaha ya kuifikia Nchi Takatifu, mimi nilikuwa nimefika kwanza katika nchi ya bibi.

Nilikuwa na sababu yangu ya kwenda, mbali na ile ya kila hujaji. Mwaka 1999 shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliuza shamba lake la michungwa huko Muheza. Mhubiri mmoja aliyepita vijijini alikuwa amewahakikishia wafuasi wake kwamba mwaka 2000 hautaingia: mwenye mali aitoe, mwenye mtoto shuleni amwachishe. Mwaka 2000 uliingia. Mhubiri hakuonekana tena. Shangazi aliishi miaka mingi baada ya hapo, akilima kipande cha kuazima kwa majirani, na sikumsikia hata siku moja akimlaumu yule mtu. Alichosema ni kwamba pengine hesabu ya tarehe ilikosewa. Neno hilo liliniuma kuliko hasara ya shamba.

Bibi naye aliamini Kiyama, tena kwa nguvu zilezile. Aliuza mchele sokoni Ngamiani, na pishi yake ilikuwa ya kufurika. Wenzake walipomwambia atafilisika, aliwajibu kwamba mizani ya kesho haina kidole cha muuzaji. Tangu shangazi alipofariki nimekuwa nikiwawaza wanawake hawa wawili. Imani moja, hofu moja ya siku ile. Mmoja ilimpa pishi iliyojaa, mwingine ilimnyang'anya shamba. Nilitaka kwenda mahali ambapo dini tatu zinasema mambo hayo yatatokea, niwaone watu wa pale wanaingojeaje.

Kutoka Lod hadi Yerusalemu si mbali, ila njia inapanda muda wote. Mji umekaa juu ya vilima, karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake zina baridi kama ya Lushoto. Kundi letu lililala Bethlehemu, ng'ambo ya ukuta ambao Israel imeujenga, kwa hiyo kila siku tulipita kwenye kizuizi cha askari, vijana wadogo wenye bunduki, ndipo tukaingia Yerusalemu. Mwongozaji wetu alikuwa Mpalestina Mkristo, mtu wa makamo, mpole, aliyeijua Biblia kwa sura na aya na aliyetuonya mapema kwamba katika mji huu kila jiwe lina wenyewe.

Mlima wa Mizeituni si mlima kwa macho ya mtu aliyekua akiiona Usambara. Ni mgongo mrefu wa ardhi upande wa mashariki wa mji. Ukisimama juu yake unauona mji wa kale wote mbele yako: chini kabisa bonde la Kidroni, ng'ambo ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta uwanda mpana wenye Kuba la Mwamba, lile la dhahabu, lililojengwa na Khalifa Abdul-Malik na kumalizika karibu na mwaka 692. Wayahudi wanauita uwanda huo Mlima wa Hekalu, kwa maana Hekalu lao lilisimama hapo mpaka Warumi walipolibomoa mwaka 70. Waislamu wanauita Haram Sharifu, nao ni wa Msikiti wa Al-Aqsa. Nabii Zekaria alitabiri kwamba siku ya Bwana mlima huu utapasuka kati, mashariki na magharibi, uwe bonde kubwa. Nabii Yoeli alisema mataifa yote yatakusanywa katika bonde la Yehoshafati yahukumiwe, na kwa karne nyingi watu wameamini kwamba bonde hilo ndilo hili la Kidroni. Kwa Waislamu, nchi ya Sham, na Baitul Muqaddas ndani yake, ndiyo ardhi ya mahshari, watakapokusanywa viumbe baada ya kufufuliwa. Wote wanaangalia shimo lilelile la ardhi, jembamba kiasi kwamba ungeweza kumwita mtu wa upande wa pili akakusikia.

Nilikuwa nimezisoma habari hizi nyumbani. Sikuwa nimejiandaa kwa makaburi.

Sehemu kubwa ya mteremko unaoelekea mjini ni makaburi ya Wayahudi. Wamezika hapa kwa takribani miaka 3,000, na idadi ya makaburi hukadiriwa kuwa kati ya 70,000 na 150,000. Hakuna maua wala kivuli. Ni mawe meupe ya mstatili, yamebanana safu kwa safu mpaka chini bondeni, na juu ya mengi kuna vijiwe vidogo vilivyoachwa na waliokuja kuzuru. Maiti hulazwa miguu ikielekea mahali pa Hekalu, ili siku ya ufufuo, mtu akisimama, asimame ameshalielekea. Wamelala hapa marabi na wafanyabiashara, yupo Eliezer Ben-Yehuda aliyepigania Kiebrania kirudi kuwa lugha ya nyumbani, yupo mwandishi Agnon aliyepata Tuzo ya Nobel, na yupo Menachem Begin, waziri mkuu aliyefariki mwaka 1992, ambaye hakutaka kuzikwa kwenye makaburi ya viongozi wa nchi ng'ambo ya mji. Alitaka awe hapa.

Nilimkuta mzee mmoja akiwa na mjukuu wake, wamesimama kwenye kaburi la mama yake mzee. Aliongea Kiingereza kwa kuwa alikulia New York. Mama alifia huko, wakamleta kwa ndege, wakamzika hapa kwa sanda tupu, bila jeneza. Nilimwambia kwamba hata kwetu pwani Waislamu huzika kwa sanda, na bibi yangu amezikwa hivyo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamwuliza gharama yote ile ilikuwa ya nini. Akanieleza mafundisho ya kale, yaliyomo katika Talmudi, kwamba wafu waliozikwa mbali watafika nchi hii siku ya ufufuo kwa kubingirika chini ya ardhi, na safari hiyo ina maumivu. Mwana mwema humpunguzia mzazi njia. Ndiyo maana hata wanaozikwa ugenini huwekewa kaburini udongo kidogo wa nchi hii. Alisema haya mbele ya mjukuu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza basi linapita wapi.

Nikamwuliza swali langu la shangazi: siku hiyo itakuwa lini? Akanitazama kwa muda. Akasema marabi waliwalaani watu wanaokokotoa tarehe ya mwisho, kwa sababu tarehe ikipita na Masihi asije, waliosadiki watasema hatakuja tena. Kisha akaongeza jambo ambalo sikumwuliza. Marabi haohao, alisema, walifundisha kwamba mtu akiletwa hukumuni huulizwa maswali kadhaa, na la kwanza linahusu biashara yake: je, aliwatendea watu kwa uaminifu? Yeye alikuwa na duka maisha yake yote.

Sikuweza kumjibu kwa haraka. Nilikuwa sokoni Ngamiani, mbele ya pishi ya bibi.

Haya makaburi yana kidonda chake pia. Kati ya mwaka 1948 na 1967, upande huu ulipokuwa chini ya Jordan, mawe mengi ya Wayahudi yalivunjwa, mengine yakatumika kujengea. Mwongozaji wetu, ambaye ni Mpalestina na ana machungu yake mengi na Israel, alitusimulia hayo waziwazi, akasema ni aibu. Nilimheshimu zaidi kuanzia saa ile.

Tulisogea mahali penye ukuta mfupi wa kukalia, Mchungaji wa kundi letu akafungua Mathayo sura ya 24. Nimeisikia sura hiyo tangu shule ya Jumapili, lakini sikuwa nimezingatia inavyoanza. Yesu ameketi juu ya Mlima wa Mizeituni, wanafunzi wake wanamjia faraghani na kumwuliza mambo hayo yatakuwa lini, na dalili ya mwisho wa dunia ni nini. Swali la shangazi lilikuwa limeshaulizwa hapahapa, karibu miaka 2,000 iliyopita, tena na watu waliokuwa na haki ya kuuliza kuliko sisi. Na jibu ni gumu kwa mwenye haraka. Anawaonya kwanza kwamba wengi watakuja kwa jina lake na kudanganya. Anataja vita, njaa na matetemeko. Kisha anasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, hata Mwana.

Wahubiri wengi huishia sura ya 24. Mchungaji wetu, Mungu ambariki, aliendelea na ya 25, kwa maana ni mazungumzo yaleyale, pale pale mlimani. Humo mna hukumu yenyewe: mataifa yote yamekusanyika, watu wanatengwa kama kondoo na mbuzi, na mfalme hamwulizi mtu alijua tarehe au hakujua. Anauliza habari za mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, asiye na nguo, mgonjwa, mfungwa. Mzee mmoja wa Lushoto, mwenye uvimbe wa magoti aliyekuwa akishuka ngazi zote kwa shida, alisema kwa sauti yake nzito kwamba basi mtihani umeshavujishwa, maswali yote yapo, lililofichwa ni siku ya kufanya tu. Watu waliitikia amina, nami niliitikia kwa moyo wote.

Njia ya kushuka ni nyembamba na kali. Katikati yake kuna kanisa dogo la Dominus Flevit, ambalo mchoraji wake, Antonio Barluzzi, alilipa umbo la tone la chozi mwaka 1955, kwa kumbukumbu ya Yesu kuulilia mji. Walipochimba hapo waliyakuta makaburi ya kale na masanduku madogo ya mawe yenye mifupa. Zamani za Yesu maiti ililazwa pangoni, mwili ukishakwisha jamaa walirudi, wakaikusanya mifupa na kuiweka ndani ya sanduku. Nilisimama mbele ya masanduku yale kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama kanisani. Wakati huo Wayahudi wenyewe walikuwa wakibishana kama wafu watafufuka: Mafarisayo walisema ndiyo, Masadukayo walikataa. Ubishi huo uliendelea huku mama na dada wakiokota mifupa ya wapendwa wao, kipande kimoja kimoja, na kuipanga.

Gethsemane na mizeituni yake mikongwe nitawaachia wengine waieleze, kwa maana imeelezwa sana na umati ulikuwa mkubwa. Chini zaidi, karibu na sakafu ya bonde, kuna kanisa linaloheshimiwa kama kaburi la Bikira Mariamu. Unashuka ngazi pana za mawe, zaidi ya 40, ndani ya giza lenye harufu ya ubani na taa za mafuta. Kanisa ni la Waorthodoksi wa Kigiriki na Waarmenia, lakini pembeni mwa kaburi pana mihrabu inayoelekea Makka, kwa ajili ya Waislamu waliokuwa wakija kumheshimu mama wa Nabii Isa. Laiti bibi angeiona.

Kisha tukawa bondeni. Kwa nabii Yoeli ni mahali pa mataifa yote, na macho yangu yalikataa kukubali, kwa maana ni bonde jembamba, lina barabara upande mmoja, mizeituni michache na mbuzi. Upande wa makaburi zimesimama nyumba za mawe zilizochongwa mwambani, na ndefu kuliko zote, yenye paa la mfano wa faneli, huitwa Nguzo ya Absalomu. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema ni ya karne ya kwanza, miaka 1,000 baada ya Absalomu. Wapita njia hawakujali. Kwa karne nyingi Wayahudi, Wakristo na Waislamu waliitupia mawe walipopita, na wazazi waliwaleta hapo watoto wakaidi waone mwisho wa mwana aliyemwasi baba yake. Dini tatu zilizoshindwa kukubaliana juu ya nani mwenye mlima zilikubaliana juu ya kumheshimu mzazi.

Ng'ambo ya bonde, ndani ya ukuta wa mji, kuna lango lenye matao mawili lililozibwa kwa mawe. Wazungu huliita Lango la Dhahabu. Kwa Kiarabu tao moja ni Mlango wa Rehema na la pili ni Mlango wa Toba. Wayahudi wanasema Masihi ataingilia hapo. Wakristo wengi wanasema Yesu aliingilia upande huo Jumapili ya Matawi na atarudi kwa njia hiyo. Lilizibwa zamani, na likaachwa limezibwa Sultani Suleiman wa Waturuki alipoujenga upya ukuta wa mji katika karne ya 16. Nje yake, chini kabisa ya ukuta, ni makaburi ya Waislamu, na humo wamelala masahaba wawili wa Mtume, Ubada bin Samit na Shaddad bin Aws. Upande wa ndani, jengo la lango lilifungwa kwa amri ya Israel mwaka 2003, na Waislamu walirudi kuswali humo mwezi Februari 2019, mwaka ule ule wa safari yetu. Wanalalamika pia kwamba sehemu ya makaburi imezungushiwa uzio wasizike tena. Kila upande una makaburi yake yaliyoumizwa.

Mwongozaji alituombea ruhusa ya kuingia katika makaburi hayo ya Waislamu kwa kijana aliyekuwa akimwagilia mche juu ya kaburi la baba yake. Aliposikia tumetoka Tanzania aliuliza Zanzibar ni mbali kiasi gani na kwetu. Nilimwambia bibi yangu alikuwa Mwislamu. Akaniuliza jina lake ili amsomee Fatiha, nikamtajia, akainua mikono na kusoma, nami nikasimama nimeinamisha kichwa. Wafu wa hapa wamelazwa ubavu wa kulia, uso kusini. Bibi yuko Tanga ndani ya mwanandani, ubavu wa kulia, uso kaskazini. Makka iko katikati yao, karibu sawa kwa mstari. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba bibi anatazamana na mtu.

Kijana alinionyesha kipande cha nguzo ya mawe kinachochomoza kutoka ukutani kuelekea bondeni. Simulizi za wenyeji zinasema kwamba siku ya Kiyama njia ya Sirati itatandikwa kutoka huko mpaka Mlima wa Mizeituni, nyembamba kuliko unywele, kali kuliko upanga, na Mtume atakaa juu ya nguzo hiyo akiwaangalia umma wake wakivuka. Si jambo lililomo katika Kurani, alisema mwenyewe. Ni maneno ya wazee. Nikamwuliza naye: lini? Alitabasamu. Akasema mtu mmoja alimwendea Mtume na swali hilohilo, Saa itakuwa lini, na Mtume akamrudishia swali: ameiandalia nini?

Kesho yake tulipanda uwanda wenyewe. Wasio Waislamu huingilia lango moja tu, kwa saa chache za siku za kazi, na ndani ya msikiti na kuba hawaruhusiwi. Biblia tuliziacha kwenye basi. Kileleni mwa ngazi zinazopanda kwenye Kuba la Mwamba kuna safu za matao ya mawe ambazo Waarabu huziita Mizani, kwa sababu inasimuliwa kwamba siku ya hesabu mizani za matendo zitatundikwa hapo. Jirani yake kuna kuba dogo lisilo na kuta, Kuba la Mnyororo. Wanasimulia kwamba zama za Mfalme Daudi mnyororo ulining'inia hapo, na wenye kesi waliletwa mmoja mmoja waushike: mkweli aliufikia, mwongo ulimkimbia. Watoto walikuwa wakicheza mpira kati ya matao. Nilikaa chini ya Mizani mpaka askari wakaanza kututoa, na nilichokuwa nikikiwaza ni mchele.

Megido tulipita kwa saa moja tu tukirudi kutoka Nazareti. Ni kilima cha mji wa kale, miji zaidi ya 20 imejengwa mmoja juu ya mwingine, na chini yake ni bonde pana la mashamba. Ndiyo Har-Magedoni ya kitabu cha Ufunuo, jina ambalo Biblia nzima hulitaja mara moja tu. Farao Thutmose wa Tatu alipigana hapo, Mfalme Yosia akauawa hapo, na Waingereza waliwasukuma Waturuki hapo mwaka 1918. Wenzangu walipiga picha nyingi. Mimi nilikuwa nimechoka kuona mahali pa vita, na pia nilikuwa nimeshapata jibu.

Baada ya kurudi nilitafuta zaidi, nikakuta kwamba hadithi za Kiislamu zina ile iliyo karibu sana na Mathayo 25: Mungu atamwambia mwanadamu kwamba aliugua naye hakuja kumwona, aliomba chakula naye hakumlisha, mtu atastaajabu, angewezaje kumlisha Mola wa viumbe vyote? Ataambiwa kwamba fulani alimjia na njaa akamnyima. Imo kwa Imamu Muslim, mwandishi wa habari za Ludd. Kwa hiyo Wayahudi wana swali la biashara, Wakristo wana swali la mwenye njaa, Waislamu wana swali la mgonjwa na la mizani. Na wote watatu wamekataa kutoa tarehe. Imani ya bibi ilikuwa ya maswali. Shangazi aliuziwa tarehe, akaambiwa kwamba hiyo nayo ni dini. Nasema hivi bila kumdharau shangazi, aliyekuwa mcha Mungu kuliko mimi. Dhambi ilikuwa ya aliyemuuzia.

Tena shangazi alipoteza shamba tu. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu, watoto wakiwamo, waliteketea ndani ya kanisa lao baada ya viongozi wao kuwatangazia mwisho wa dunia, na makaburi ya wengine yakafukuliwa baadaye sehemu kadhaa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilianza kufukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu kabla dunia haijaisha. Kilifi ni pwani yetu, lugha yetu. Kutoka Tanga ni safari ya siku moja. Wale watu hawakufa kwa kuamini Kiyama. Walikufa kwa sababu mtu mmoja alijipa kazi ambayo Yesu, juu ya Mlima wa Mizeituni, alisema hata yeye hakupewa.

Kwa hiyo nina ombi kwako msomaji, na ninaliomba kwa uzito wote. Ukimsikia mhubiri, sheikh au nabii yeyote akitaja mwaka wa mwisho wa dunia, ondoka hapo siku hiyohiyo. Usiuze shamba, usimwachishe mtoto shule, usimpe mtu huyo funguo za nyumba yako. Na kama ni jirani au ndugu yako aliyekwisha kuingia, usimcheke wala usimwache: mfuate kila wiki, mpelekee chakula, mwambie maneno haya ya vitabu vyote vitatu, na ukiona watoto wamefungiwa au wananyimwa kula, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi kabla jua halijazama.